Adhana Aliyoiwahisha Mzee Mwinyimvua

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba jioni. Mzee Mwinyimvua Kondo amesimama msikitini mbele ya saa ya ukutani, maiki mkononi. Miguu inamvuta atoke nje akaitazame mbingu, kama alivyofanya kwa miaka thelathini na minne. Hatoki.

Barazani kwake, hatua chache kutoka msikitini, Fatu binti Shaban ameketi na kikombe cha maji ambacho bado hajakigusa. Ni Jumatatu ya mwezi wa Shaabani, na karibu kitongoji kizima hiki cha Salale kimefunga. Kimefunga kwa sababu ya mzee huyu.

Mwinyimvua ana miaka sabini na mmoja. Ni mkulima wa mpunga na muadhini. Kazi ya kwanza ndiyo inayomlisha. Ya pili humpatia shilingi elfu ishirini kwa mwezi, mwezi ukiwa mzuri, na kanzu kila Idi. Lakini ukiuliza hapa Mwinyimvua ni nani, hakuna atakayekutajia mpunga. Simu zipo watu wanazo, ila hakuna aliyekuwa akizitazama ili afungue saumu. Walimsikiliza yeye.

Saa hii ya sola ililetwa miezi mitatu iliyopita na wenyeji wanaoishi Dar es Salaam. Hulia kila wakati wa sala unapoingia. Mzee aliinunia tangu siku ya kwanza. Vijana wakamtania kwamba anaogopa kunyang'anywa ulaji, naye akawaacha waamini hivyo, maana ukweli ulikuwa mbaya zaidi.

Ulianzia Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho. Mvua ilikuwa imefunga tangu asubuhi na wingu limeshuka hadi juu ya mikoko. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kuingia ukungu, la kushoto likilifuata, na alikuwa hajamwambia mtu, hata mkewe. Aliona giza. Akaadhini. Watu wakafuturu.

Alipokwenda kuongeza maji kwenye birika la kutawadhia, wingu likapasuka upande wa magharibi. Wengine wote walikuwa ndani na tende zao.

"Jua lilikuwa bado lipo, mwanangu. Hata jicho hili bovu lililiona," anamwambia mwandishi. "Nikasema nirudi niwaambie. Miguu ikagoma."

Hakusema siku ile, wala siku ya Idi. Miezi miwili baadaye jirani yake, Bi Sihaba, akafariki, na hapo hofu ikamnyima usingizi. Ajuza yule hakuwahi kuacha funga hata akiumwa. Sasa alikuwa amekwenda kaburini na deni la siku moja asilolijua, na aliyemtia deni hilo alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake.

Mzee akaanza kufunga kila Jumatatu na Alhamisi, kimyakimya, akinuia kuwalipia majirani mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amefika mtu wa thelathini na tisa. Mkewe, Mwanawetu, alimwona anakonda akadhani ni kisukari.

"Baba Zuhra, niambie basi," alimwambia. "Nije nikuzike kwa ugonjwa gani?"

Ndipo alipokwenda kwa imamu, Maalim Idrisa, kijana ambaye mzee angeweza kumzaa. Maalim akamweleza kuwa aliye hai hafungiwi na mtu. Kila mmoja ailipe siku yake mwenyewe, tena kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Bi Sihaba atafungiwa na watu wake. Kwa hiyo lazima waambiwe.

"Macho kuzeeka si dhambi, mzee wangu," alisema. "Lakini huku kunyamaza kwako kunawaumiza wenzio."

Mficha maradhi kilio humuumbua, na Mwinyimvua aliona heri ajiumbue mwenyewe. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, aliomba kipaza sauti kisizimwe ili wanawake nao wasikie majumbani. Anasema aliogopa kuliko siku mtumbwi ulipompindukia penye mamba. Alikiri yote, akawaomba kila mmoja aifunge tena siku ile. Wachache waliguna. Mmoja alitoka bila kumpa mkono. Mzee akarudi nyumbani akiamini kwamba hataadhini tena.

Jioni ile Fatu, binti wa marehemu Bi Sihaba, alibisha hodi. Alikaribishwa, hakukaa.

"Jumatatu namfungia mama. Yangu nitailipa Alhamisi," alisema. "Nitakuja kufuturu hapa barazani kwako, mjomba. Nataka uadhini wewe."

Baada ya Idi, Mwinyimvua amepanga kwenda Kibiti kupimwa macho. Ramadhani hii inayokuja ataisikiliza saa, kwa sababu, anasema, kitu hiki hakina mtoto wa jicho. Bado anaogopa, wala haoni haya kulisema.

Saa inalia. Mzee hafungui mdomo mara moja. Anavuta pumzi moja, ya pili, ya tatu. Kisha anaadhini.

Kwa takbira ya kwanza, Fatu anainua kikombe na kunywa. Hatazami mbinguni.