Minyororo ya Theluji

Mdogo wangu alikuwa dereva wa gari la mikate katika nchi ya baridi, na kila theluji ilipoanza kuanguka alitupigia simu ya video ili tumwonee huruma. Mimi nilimcheka tu. Huku Butimba jua linachoma mabati, yeye kavaa kofia mpaka kwenye nyusi, anatuonyesha matairi ya theluji, mpira wake laini kama wa kandambili mpya ili ushike barafu. Alisema mjini matairi hayo yanatosha. Ukianza kupanda mlima, lazima uyafunge minyororo yasiteleze.

Siku moja, baada ya shikamoo, akamwambia mama kwa furaha, "Leo nimefunga minyororo, mama, napanda huko juu."

Mama aliacha kuchambua dagaa. Kaka yake, kule Nansio walikokulia, alipata kichaa akafungwa mnyororo kwenye nguzo ya nyumba. Mama, binti mdogo wakati huo, ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula, mpaka kaka huyo akafa na mnyororo mguuni. Kwa mama hakuna mnyororo mwingine duniani. Nilijitahidi kumweleza kwamba linalofungwa ni gari, si mtu. Akaniuliza, ndani ya hilo gari kuna nani.

Akaivuta simu karibu na uso. "Usiifunge tena, mwanangu. Kwetu huo ni mkosi."

Mdogo wangu akacheka, kisha akaona anacheka peke yake, akasema sawa mama. Yeye alikuwa mtu wa kusema sawa kwa kila jambo, nami nikadhani ni ile sawa ya kumaliza maneno. Hakuitaja tena ile minyororo, wala sisi hatukumuuliza.

Alikufa akishuka mlima huohuo. Gari liliteleza kwenye kona likaingia bondeni. Mwenzake wa kazini, Mtanzania mwenzetu, alinipigia mimi peke yangu, akalia, halafu akasema jambo ambalo sijui kwa nini aliona ni lazima nilijue. Minyororo ilikutwa nyuma ya kiti, ndani ya mfuko wake, mikavu.

Pengine alikuwa na haraka. Pengine aliona theluji ni kidogo. Hayo najiambia kila siku na hayanisaidii. Nikifua, nikipika, namwona ameshika ule mfuko mkononi, anafikiri kidogo, anaurudisha nyuma ya kiti. Uso wake sijawahi kuuona vizuri, na naogopa kuuona.

Watu wa msiba walipokwisha kuondoka, mama alinifuata jikoni nikiosha masufuria. Alisimama mlangoni.

"Ile minyororo," akasema, "alikuwa ameifunga?"

Nikisema hapana, atajua kwamba mwanawe alikufa kwa kumtii. Nikisema ndiyo, atabaki kuulaumu mkosi, si neno lililotoka kinywani mwake. Niliendelea kusugua sufuria lililokwisha kung'aa.

"Alikuwa ameifunga, mama."

Alivuta pumzi, akajifunga kanga upya.

"Basi hakunisikia," akasema.

Siku hizi akipita mbele ya picha ya mdogo wangu pale sebuleni humwita mkaidi, mtoto asiyesikia la mama yake. Mimi naitikia.