Kilo Mbili na Nusu

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, Sista Mkuu wa wodi alinikabidhi mizani hata kabla ya kunionyesha pa kutundika sweta. "Hapa tunafanya kazi na hii," aliniambia. "Mtoto akifika kilo mbili, aende kwao. Hayo mengine utajifunza." Nilikuwa muuguzi mpya kutoka chuo, sare nimeipiga pasi mpaka inanikwaruza shingo, na nilimwamini. Ninyi mnaoingia kazi hii leo, msiamini upesi namna hiyo.

Tulikuwa na inkubeta mbili, moja ikipasha watoto joto na nyingine ikihifadhi pamba kwa sababu ilikuwa mbovu. Mtoto asiyejua kunyonya tulimpitishia maziwa ya mama yake kwa mrija mwembamba wa puani. Aliyekosa joto tulimfunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mtindo tunaouita kangaruu. Kila asubuhi tulipima uzito na kuuandika ukutani, na kina mama walisoma ukuta huo kwa makini kuliko walivyosoma kadi zao. Aliyefikisha kilo mbili alipigiwa makofi, akaimbiwa wimbo wa kanisani, mama akaambiwa akigonga mbili na nusu huyo ni mtoto mzima, wakaenda. Hatukujua alikokwenda. Nasikia aibu kuliandika hilo.

Nilianza kujua nilipohamishiwa zahanati moja upande wa Sigor. Huko nilikutana nao, wale wale tuliowapigia makofi. Mmoja miguu imekaza kama mti, mwingine hasikii, mwingine ana miaka miwili na hajawahi kukaa bila kushikwa. Mama zao walisema wamerogwa, au ni Mungu amependa. Mimi nilisema ni sisi. Niliporudishwa wodini baada ya miaka sita nilienda moja kwa moja kwa Matroni, mama mkali aliyevaa saa begani, nikamwambia nataka chumba na siku moja ya wiki.

"Cha kufanya nini?"

"Cha kuwaona tena wakishatoka."

Alifungua droo, akanipa ufunguo. "Jumanne," alisema. "Na usiniletee hadithi, niletee watoto."

Hiyo ndiyo kliniki ya ufuatiliaji, na nitawaeleza ilivyofanya kazi kwa sababu wengine bado mnaikosea. Mtoto aliyezaliwa miezi mitatu mapema ana umri wa aina mbili, wa kuzaliwa na uliosahihishwa, ambao tunauhesabu kutoka siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Ukimdai akae kwa umri wa kuzaliwa, utamtisha mama yake bure. Tulinyoosha miguu, tulipima masikio. Zaidi ya yote, tulimpeleka kwa daktari wa macho, aliyefika kwetu kila Jumanne ya pili na taa yake ya kichwani. Mishipa ya damu ndani ya jicho la njiti haijamaliza kukua. Ikikua vibaya, inavuta lile pazia la nyuma linalopokea mwanga mpaka linabanduka. Ikionwa mapema inatibika. Ikipita wiki chache tu, hakuna dawa duniani. Na mtoto huyo kwa nje ananyonya, ananenepa, anacheka.

Matroni alipostaafu, alikuja Daktari Mkuu mpya, kijana mwenye viatu vya kung'aa. Aliingia chumbani kwangu akahesabu viti. "Sista, hapa ni pa watoto wagonjwa?"

"Ni pa watoto waliopona."

"Basi wamepona. Mimi nahitaji stoo ya magodoro."

Wiki hiyo hiyo magodoro yakaingia. Daktari wa macho aliendelea kuja, lakini hapakuwa na mtu wa kufuatilia nani hajafika. Nilibaki na sanduku la kadi chini ya meza ya wodi.

Wakati huo ndipo Chebet alipotoka na binti yake Cherono. Chebet alikuwa na shamba dogo la majani chai upande wa Kabianga, msichana mchangamfu, na huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Cherono alizaliwa na kilo moja. Alipotoka alikuwa na mbili. Daktari wa macho alishamwona mara moja na kuandika kwenye kadi: mishipa bado, arudi baada ya wiki mbili. Jumanne hiyo ikafika, Chebet hakuonekana.

Nilienda kwa Daktari Mkuu kuomba gari.

"Ana kilo ngapi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Alitoka na mbili. Lakini macho..."

"Huyo ni mtoto mzima, Sista. Gari haliwezi kuzunguka Kabianga likitafuta watoto wazima."

Nilikasirika. Kisha nikafanya nini? Nikaandika barua ya malalamiko, nikaipeleka ofisini, nikangoja jibu. Kabianga si Uropa. Ningepanda gari la abiria siku yangu ya mapumziko na kurudi kabla ya chai ya saa kumi. Sikupanda.

Chebet alikuja mwenyewe baada ya miezi mitatu, Jumanne ya daktari wa macho. Alinikuta wodini, akamshusha Cherono mgongoni, mnene, mashavu yamejaa.

"Sista, huyu mtoto hanitazami."

"Mbona hukuja ile Jumanne?"

"Si mlituambia kilo mbili na nusu ndio mtoto mzima? Hiyo asubuhi tulikuwa na majani, nikampeleka kwa baying senta, pale tunauzia majani. Nikamfunga na leso, karani akamtundika kwa ile mizani. Hata alitoa uzito ya leso, vile wanatoa ya gunia. Akasema mbili na nusu kamili. Watu wote wakapiga makofi. Sasa ningekuja kufanya nini?"

Wimbo ule tulimfundisha sisi. Daktari wa macho alivaa taa yake, akatazama jicho moja, akatazama la pili, akaizima. Pazia lilikuwa limebanduka pande zote mbili.

Nimestaafu sasa. Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani na blanketi, na Daktari Mkuu, ambaye siku hizi ni mkubwa zaidi, akasema nimeokoa mamia ya watoto. Watu walipiga makofi. Nilitamani kutoka nje. Najua wodi za leo zina mashine za kila aina, na nafurahi. Lakini bado nakutana na wauguzi wanaomwambia mama "ameongeza kilo, hongera," wakamfungulia mlango bila kumwambia arudi lini wala kwa nini, na ninawaka moto upya.

Cherono anasoma shule ya bweni ya wasioona. Likizo zikifika Chebet humleta kwangu, tunakunywa chai. Hajawahi kunilaumu, na afadhali angenilaumu. Likizo iliyopita mtoto alikuwa akipapasa ile saa niliyopewa, nikamweleza ilitoka wapi.

"Kogo," aliniuliza, yaani bibi, ndivyo huniita, "ulikuwa unafanya kazi gani hapo hospitali?"

"Nilikuwa naangalia watoto wadogo sana, waliozaliwa kabla ya wakati."

Vidole vyake vilikuwa bado juu ya kioo.

"Kwani mimi sikuwa mdogo?"

Mama yake aliinamia kikombe. Nilimwambia alikuwa mdogo, mdogo kuliko wote wodini. Kisha nikamwambia habari ya gari, na ya barua, na ya siku yangu ya mapumziko.

Siku za majani sasa mtanikuta kwenye baying senta, karibu na mizani. Karani hanipendi. Akiona mama anafungua leso ampime mtoto, anageuka kunitafuta, na mimi tayari niko njiani, nikiuliza kadi iko wapi.