Mchoro Nyuma ya Kabati

Sikuwa nimelewa, wala sikuwa na homa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Makongeni, miaka ya tisini, jua likiwa bado halijazama. Ukitaka kucheka, cheka sasa.

Mama Nekesa alikuwa amefiwa na mumewe, karani wa reli aliyependa kuchora. Wenzao walinunua makochi. Wao waliijaza ile nyumba kuukuu ya mawe vitabu adimu na michoro, mpaka jikoni. Lakini nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ilikuwa imeisha. Ilibidi ahame. Mimi ni seremala, basi akaniita nimtengenezee masanduku ya kupakia vitu. Mumewe sikuwahi kumwona hata siku moja.

Jioni hiyo alitoka kwenda kununua mkate. Nikafunga komeo, nikaendelea kugongomea misumari. Mara nikasikia harufu ya rangi mbichi. Kuinua kichwa, mzee mmoja amesimama kando ya kabati la vitabu. Nikadhani ni shemeji aliyebaki baada ya matanga.

"Habari ya jioni, mzee."

"Nzuri, fundi. Hebu sogeza hili kabati. Picha ya mama wa hapa iko nyuma. Mwambie sikuiuza."

Akanipa mkono. Niamini, ulikuwa baridi kama bomba la maji alfajiri. Nikageuka kusogeza kabati. Nilipotazama tena, hakuna mtu. Na komeo? Lilikuwa vilevile nilivyolifunga.

Nyuma ya kabati palikuwa na mchoro uliozungushiwa shuka: Mama Nekesa, bado msichana, anacheka.

Aliporudi na kuuona, mkate ulimponyoka.

"Umeitoa wapi hii?"

"Shemeji yako ndiye amenionyesha. Anasema hakuiuza."

"Sina shemeji mimi." Akaketi sakafuni. "Miaka yote nilimwita mume wangu mwizi, nikisema aliiuza picha hii. Hata pale hospitalini, aliponinyooshea mkono, nilikataa kuushika."

Ndipo nikamweleza yote. Akauchukua mkono wangu wa kulia, akauweka shavuni pake, akalia.

Vitabu viliuzwa, michoro ikauzwa. Yeye alirudi kwao Bungoma na picha ile moja tu. Mimi nilibaki na mkono huu. Hebu uguse. Hata jua la Januari haliupashi joto. Nyundo naishika kwa kushoto, na madaktari wamechoka nami.

Basi nakwambia: ukiitwa kuhamisha vitu vya marehemu, kwanza omba uonyeshwe sura yake. Na mtu usiyemjua akikupa mkono humo ndani, msalimie kwa mdomo tu.