Binti Yetu Aliyepona Kabla Yetu

Nina bucha hapa Kinoru. Asubuhi moja, mwaka ule korona ilipoingia, nilikuwa nikiosha matumbo ya ng'ombe nikagundua sisikii harufu yoyote. Nilifunga bucha papo hapo, nikaenda kupimwa pamoja na mke wangu na binti yetu wa miaka sita. Sote watatu tulikuwa nayo.

Binti alipata homa jioni moja tu. Kesho yake alikuwa uani akiruka kamba, ilhali mimi nilihema kwa kutembea hadi chooni.

Mama mkwe wangu, anayelima viazi Kibirichia, alipiga simu. "Mtoto ni mzima. Mniletee nikae naye mpaka mpone."

Mke wangu akaanza kukunja nguo za mtoto. Nikamwambia tumuulize daktari kwanza.

"Virusi bado anavyo," daktari alitueleza kwa simu. "Ila kinga ya mtoto ni kama askari walio macho. Wako puani na kooni, wakingoja. Adui akiingia wanamkabili kabla hajaongezeka. Askari wako wewe walichelewa kuamka, kisha wakaja kwa fujo, ndiyo maana umeumia. Lakini mtoto anaweza kumwambukiza nyanya yake. Na mumwangalie kwa wiki kadhaa. Kuna watoto wachache ambao kinga yao hukataa kutulia hata wakishapona. Homa ikirudi, au mkiona macho mekundu na vipele, mleteni upesi."

Kumkatalia mama mkwe si jambo dogo kwetu, lakini nilimpigia mwenyewe.

"Mama, sitamleta."

"Unafikiri nitamlaza njaa?"

"Hapana. Atakuletea ugonjwa."

Akakata simu. Sikujuta. Kila asubuhi mke wangu alimkagua binti macho na ngozi, naye akicheka, akidhani ni mchezo. Homa haikurudi. Mimi kifua kilinisumbua mwezi mzima.

Hatimaye sote tulipopona na kupanda hadi Kibirichia, mama mkwe alimkumbatia mjukuu wake kwa muda mrefu, mimi nimesimama mlangoni. Baadaye aliniletea sahani ya mukimo wa viazi vilivyopondwa, akaketi kando yangu.

"Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara alipelekewa wajukuu wakati ule," akasema. "Wao hata hawakukohoa. Yeye tulimzika."

Nikaiweka sahani chini.

"Kula," akaniambia. "Chakula kinapoa."