Nilichoandika Kuhusu Mama na Waigizaji Wake

Jumanne, tarehe 18 Novemba. Manyunyu toka alfajiri, ile mvua isiyonyesha wala kuacha, na upepo wa kugeuza miavuli.

Leo afisa wa ustawi wa jamii alikuja kumpima yule mama ninayemtunza hapa Thornton Heath, huku ughaibuni, aamue kama atabaki kwake au apelekwe nyumba ya wazee. Nilifika nimechoka, nimeshaogesha wazee watatu kabla yake.

Ana miaka themanini na kitu. Ofisi inayotuajiri sisi watunzaji ilituambia tuwaite wazee kwa majina, lakini mdomo wangu umekataa kumwita mtu mzima jina tupu, kwa hiyo namwita Mama, naye amezoea. Kutwa anaangalia filamu za zamani za Hollywood, zile zisizo na rangi, na anachagua zenye wanawake wakali tu: mabega ya koti mapana, nyusi zimechongwa, wanaume wakiongea nao wanavua kofia. Wale wa kulialia anawazima.

Kosa ni langu. Mwezi wangu wa kwanza pale nilimsikia kutoka jikoni akifoka, "Toka, na kofia yako uichukue." Kuchungulia sebuleni, hakuna mtu. Kila tukimaliza zamu lazima tuandike kwenye daftari la nyumba, nami nikaandika: anaongea na watu wasiokuwepo, anabishana nao. Nikaona nimefanya kazi vizuri. Wiki kadhaa baadaye, nimekaa naye, ndipo nikaelewa kwamba anasema maneno ya mwigizaji, kabla kidogo ya mwigizaji mwenyewe, neno kwa neno. Na mimi nilipaswa kulijua hilo. Kwetu Tanga, kwenye vibanda vya video, kulikuwa na jamaa anatafsiri kwa sauti filamu ikiendelea, kina mama wote wa Hollywood wakawa na sauti yake moja nzito. Nilipomsimulia Mama haya, alicheka mpaka akakohoa.

"Basi hujawahi kumsikia hata mmoja wao," akasema. "Kaa hapa."

Daftari sikulisahihisha. Nilisema kesho, kesho.

Leo mwanawe alikuwepo, na afisa akaisoma sentensi yangu kwa sauti. Mwanawe akainamisha kichwa. Sidhani ni mtu mbaya. Anaishi mbali, na simu ikilia anashtuka. Mama akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyeandika hivyo?"

"Ndiyo, Mama. Nilikosea."

Nikamweleza afisa, Kiingereza changu kikipinda njiani. Hakuniamini moja kwa moja, na ningekuwa yeye nami nisingeniamini. Akaomba filamu iwashwe. Mwigizaji akaingia ofisini kwa bosi wake kuacha kazi, na Mama akasema maneno yake yote, na ya bosi pia, kikombe cha chai mkononi.

"Mimi nasahau hata namba yangu ya simu," afisa akasema, akaikata ile sentensi. Kisha akaniuliza kama kuna jambo lingine.

Ningeweza kunyamaza. Lakini mara mbili nimekuta gesi ya lile jiko lake la zamani imeachwa wazi bila moto, nikafunga mwenyewe, nisiandike, kwa kumhurumia. Nimefuta la uongo, sasa nifiche la kweli? Nikasema. Afisa hakufurahi, na atawaambia ofisini kwetu. Ana haki.

Wakakubaliana: abaki kwake, gesi ikatwe wiki hii, sisi tuje mara nne kwa siku na chakula cha kupashwa moto kwenye maikrowevu. Mwanawe alinishika mkono akashukuru. Walipotoka, Mama aliweka kikombe mezani.

"Umenirudishia akili zangu, ukaninyang'anya jiko," akasema. "Miaka hamsini napika hapa."

"Samahani, Mama."

"Ungeniambia mimi kwanza. Tukiwa wawili."

Ni kweli, na mpaka sasa sijui kwa nini sikufanya hivyo. Labda ni woga. Nilimwoshea kikombe, nikaandika kwenye daftari kwamba amekunywa chai na hali yake ni nzuri, nikaaga. Aliongeza sauti ya filamu.

Nyumbani binti yangu alikuwa ameshapika. Tulikula wali ulioshika chini kidogo, maharage ya kopo aliyoyaunga kwa nazi, na mchicha wa jana.