Kipande cha Diski Kilichoimba

Wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya milimita moja.

Pikapu ya baba, ambayo sasa naiendesha mimi, ilikuwa ikitetemeka kila nilipokanyaga breki. Nilifungua tairi za mbele, nikapima diski kwa venia, kile kipimo cha chuma nilichobaki nacho tangu chuoni. Ishirini na tatu. Kikomo ni ishirini na mbili. Zikichongwa kuondoa mifereji, zingebaki juu ya kikomo kwa unene wa ukucha, au zisibaki. Nilipima asubuhi, nikapima jioni, nikapima tena nikihofia kwamba asubuhi chuma kilikuwa baridi. Mara ya nne diski iligonga spana ikalia, ile sauti nyembamba inayokawia hewani, nikajikuta nina miaka kumi, nimechuchumaa kwenye gereji ya Fundi Masunga pale Geita, nanuka dagaa.

Enzi hizo baba alibeba dagaa kutoka Nkome, na likizo nilipanda naye. Harufu ile haikutoka hata kwa sabuni ya mche. Fundi Masunga alikuwa na utaratibu ulioaminiwa na mji mzima: alitundika diski kwenye waya, akafumba macho, akaigonga kwa nyundo ndogo. Ikilia vizuri alisema, "Inaimba. Bado ina nyama, ikachongwe." Ikilia kama sufuria iliyopasuka, aliitupa. Wengine walikuja kumtazama tu alivyofumba macho.

Siku hiyo alizigonga diski zetu, ambazo zilikwisha kuchongwa mara mbili. Mimi nilikuwa nimefuta kutu ukingoni kwa kidole, nikakuta maandishi madogo. Nikasema kwa sauti kwamba pameandikwa ishirini na mbili.

"Hizo ni namba za kiwandani, ng'wanone," alinijibu kwa Kisukuma cha kumbembeleza mtoto, huku akiwakonyeza wateja. "Wewe kasome za shuleni."

Wakacheka. Nikanyamaza. Diski zikachongwa.

Wiki ya tatu, mteremkoni, ya kushoto ilipasuka. Tuliishia kwenye jaruba la mpunga, dagaa wametapakaa, na kunguru walifika kabla ya watu. Mimi nilitoka na mikwaruzo. Goti la baba halikukunjika tena.

Hilo labda ningelisamehe. Ila Fundi Masunga aliwaambia watu kwamba diski ilikuwa nzima, aliisikia kwa masikio yake; tatizo ni mguu wa Baba Pendo, anakanyaga breki kama anashindilia pamba kwenye gunia. Jina likashika. Baba akawa Mzee Kanyaga sokoni, mimi nikawa Binti Kanyaga shuleni. Baba aliacha tu kupita barabara ya mbele ya soko, yenye gereji ile, na kwa miaka kumi na minne tukawa tunazungukia nyuma ya soko. Mimi niliokota nusu ya diski kwenye tope nikaificha chini ya kitanda. Ilikwenda nami chuoni, ikarudi nami.

Ni chuoni nilikoelewa. Mwalimu alisema kikomo cha unene huandikwa ukingoni mwa diski. Mlio unaweza kukuonyesha ufa, hauwezi kukuonyesha wembamba. Nilitoka darasani nikakaa kwenye ngazi. Ile namba niliyochekewa ndiyo ilikuwa jibu, na nilikuwa nimeinyamazia.

Kwa hiyo nilijua tangu kipimo cha kwanza kwamba nitaweka mpya; kupima tena na tena kulikuwa kisingizio tu. Kilichoninyima usingizi ni mahali pa kuzifungia: kwa Masunga, mbele ya wateja wake. Itakuwaje Masunga akisema, safari hii, usichonge? Kisasi changu chote kilitegemea asiwe amejifunza kitu. Itakuwaje kile kipande changu cha diski kisilie mbele yake? Nikakitundika uani, nikakigonga. Kililia. Nikakigonga tena na tena, hadi mama akauliza kama nimefungua kanisa.

Jumamosi nilinunua diski mbili mpya, nikamwambia baba apande. Nilipokata kona ya gereji aliniita jina langu, mara moja tu. Kisha akauweka sawa mguu wake usiokunjika.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Hakunitambua. Wateja walikuwa saba, niliwahesabu. Nikafungua diski ya kulia, akaitundika, akafumba macho, akagonga.

"Inaimba. Ikachongwe."

Nilishukuru kimoyomoyo. Alikuwa bado amefumba macho, anaufaidi mlio, nikaitoa diski nikatundika kipande.

"Na hii nyingine, fundi?"

Akagonga. Kililia vizuri kuliko ya kwanza. "Hii ndiyo nzima kabisa," alisema.

Mteja mmoja akaangua kicheko. Masunga akafumbua macho, akaona nusu ya diski ikizunguka kwenye waya. Nikaibana kwa venia mbele yao: kumi na tisa. Nikawaonyesha ukingoni: ishirini na mbili.

"Hii ilikuwa ya Baba Pendo," nilisema. "Yumo garini."

Nyundo ikashuka. Alitazama gari, akatazama chini. "Ilikuwa diski," alinong'ona. "Haukuwa mguu."

Baba akashusha kioo. "Sema kwa sauti, Masunga. Wa nyuma hawajasikia."

Akasema kwa sauti.

Nilikuwa nimejiandaa kumhurumia. Sikumhurumia. Nilimkabidhi diski mpya nikamwambia, "Funga hizi, fundi. Zote mbili," nikasimama juu ya kichwa chake hadi nati ya mwisho. Kipande nilikiacha kwenye waya wake. Kisha tukaondoka kwa barabara ya mbele, katikati ya soko, nami nikakanyaga breki, taratibu, bila sababu yoyote, mbele ya kila kibanda.