Asubuhi Barafu Ilipovunjika Mbele ya Kamera ya Ge Wanchun

Kwa miaka kumi na sita mimi ndiye niliyembandika Ge Wanchun masharubu ya uongo. Nilikuwa mpambaji katika studio ya filamu ya mkoa wetu, na yeye alikuwa msaliti wetu. Filamu yoyote iliyohitaji mtu wa kuwauza wenzake kwa adui au kuiba mbegu za ushirika, aliitwa Ge. Uso wake mwembamba na vijicho vile vilimponza. Mara nyingi alikuwa ameshakufa kabla watazamaji hawajamaliza kutafuna mbegu zao za alizeti.

Nje ya kazi alikuwa mpole, mtoto wa mtengeneza tofu, ile jibini ya soya, kutoka mji mdogo wa Liushu, kando ya Mto Songhua. Lakini nani angeamini? Siku moja tulikwenda sokoni pamoja, muuza kabichi akakataa kumuuzia.

"Kanunue kwa hao uliowauzia kijiji chako!"

Ge alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, si walinipiga risasi mwishoni? Hukuona?"

"Niliona. Walichelewa."

Kitu ambacho wengi hawakukiona ni kwamba Ge, akishakufa kwenye filamu, hakwenda kunywa chai na wafu wenzake. Alibaki nyuma ya kamera akiuliza maswali: kwa nini taa ile iko pale, kwa nini tumeanza na mlango? Mwaka 1984, akiwa na miaka arobaini na miwili, alibisha hodi kwa mkurugenzi wetu, Bwana Shi, akiwa na daftari mkononi. Alikuwa ameandika hadithi ya mama mmoja ambaye binti yake wa pekee anaolewa ng'ambo ya mto. Asubuhi ya harusi, binti akiwa ameshavushwa, barafu inavunjika, hakuna wa kuvuka, na mama anaitazama harusi ya mwanawe kutoka ukingo wa huku.

"Wanchun, wewe ni mwigizaji," Bwana Shi akamwambia. "Nani atakutii?"

"Nimeamrishwa na waongozaji ishirini, Mkurugenzi. Najua kila namna ya kuamrisha vibaya."

Bwana Shi akaangua kicheko. Akampa kamera moja kuukuu, watu tisa, na mikanda ya kuhesabu. Ya onyesho la barafu ilikuwa miwili tu.

Tulifika Liushu mwanzoni mwa Aprili na kuanza na onyesho hilo, maana mto haumngoji mtu wa studio. Tulipanga nyumba ya wageni ambayo mpishi wake, mjane aitwaye Fang Guilan, alimtambua Ge kabla hajavua kofia.

"Msaliti! Hata mama yako tulikuwa tunamwonea huruma!"

Kila mlo wa jiaozi, vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani, bakuli la Ge lilikuwa na mbili pungufu kuliko yetu.

Siku ya sita barafu ilinguruma. Tulikimbia mtoni huku tunavaa makoti. Ge akapaza sauti, mpiga picha wetu Bian akawasha kamera, na barafu ikapasuka ufa mmoja mwembamba kama unywele. Kisha kimya. Mkanda mzima ukaishia kwenye mto uliosimama. Kesho yake mwigizaji wetu mkuu, mwanamke wa Beijing aliyekuwa acheze yule mama, akafunga mizigo. Jukwaa lake la kwao lilikuwa likimsubiri, akapanda treni ya asubuhi.

Ge alikaa jikoni, kichwa mikononi. Guilan akasimama mbele yake na upawa.

"Umefiwa?"

Ge akamsimulia hadithi yote. Guilan alisikiliza, kisha akapandwa na hasira.

"Sasa mama gani huyo anasimama analia kimyakimya? Ningekuwa mimi wangenisikia ng'ambo mpaka farasi wakimbie!"

"Ungesemaje?"

Guilan akageukia dirisha, akaita jina la binti yake aliyeolewa mbali. Naapa vyombo vilitikisika rafuni. Ge akainuka taratibu.

"Shangazi," akamwita kwa heshima, "vua aproni."

"Na nani atapika?"

"Mimi."

Na kweli alipika! Siku nne tulikula tofu ya mwongozaji, na haikuwa mbaya. Wakati huo bibi harusi wetu, msichana kutoka studio aitwaye Meng Xia, alikuwa ameshavuka pamoja na wapiga zumari wa Liushu. Walilala kwa wakulima wa upande ule wakingoja.

Siku ya nne ya upishi wake, muda mfupi baada ya jua kuchomoza, mlio ulitoka mtoni kama ghala linaloporomoka. Safari hii ulifuatwa na mwingine, na mwingine! Guilan tayari alikuwa ukingoni na koti lake la bluu.

"Mzee, niwashe?" Bian akapiga kelele.

"Bado."

"Inakwenda, Mzee!"

"Bado!" Macho ya Ge hayakuwa kwenye mto. Yalikuwa kwa Guilan. Bamba la barafu kubwa kama paa la nyumba likainuka, Guilan akavuta pumzi. "Sasa!"

Maneno aliyoandikiwa yalikuwa manane. Hakusema hata moja.

"Binti yangu! Ule ushibe! Mama mkwe akikusema, mjibu! Mimi nipo hapa! Nipo hapa!"

Sauti ikapita juu ya barafu iliyokuwa ikigongana. Ng'ambo, wapiga zumari waliopaswa kungoja ishara ya bendera hawakungoja chochote, wakapuliza. Meng Xia akapiga magoti kwenye tope na kugusa ardhi kwa kipaji cha uso mara tatu, kama binti anavyomuaga mama yake, jambo ambalo halikuandikwa popote. Nikamtazama Ge. Alikuwa akirukaruka huku ameuma ngumi yake asitoe sauti. Hakusema "kata" mpaka mkanda ulipoisha ukaanza kupigapiga ndani ya kamera.

Guilan akageuka, machozi yanamtiririka. "Nimeharibu, eti? Maneno yako nimeyasahau yote."

"Shangazi, yatupe mtoni!"

Mkanda ulipelekwa studio kusafishwa, nasi tukaungoja ujumbe siku tano. Simu ya maandishi ilipofika ilikuwa na maneno matatu: Picha safi. Endelea. Ge alimbeba Bian mgongoni akazunguka naye uani.

Filamu ilionyeshwa kwanza Liushu, vuli ile, ndani ya ghala la nafaka. Guilan alijifunika uso mwanzoni, lakini baada ya dakika kumi alikuwa akiwafokea waliokohoa. Watu waliomba irudiwe, ikarudiwa.

Ge aliongoza filamu nyingine tisa. Hadithi ya pili alipomaliza kuiandika, alipanda treni hadi Liushu na kumsomea Guilan jikoni. Ukurasa wa tatu Guilan akamkatiza.

"Huyu baba humpendi. Andika upya."

Ge akaketi palepale, kwenye meza ya unga, akaandika upya.